Barabara Aliyodhani Anaijua

Mama Cherehani alianguka mchana kweupe, barabara ikiwa kavu na tupu, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko hata maumivu.

Angegongwa na lori, angekuwa na wa kumlaumu. Mvua ingekuwa imenyesha, angesema ni utelezi. Mbwa, mbuzi, mlevi, chochote kile kingemsaidia. Lakini ilikuwa kona ya kawaida tu, njia ya kurudi nyumbani kutoka kwa mshonaji wa sare za shule, kona aliyokwisha kuipita mara zisizo na idadi. Aliingia kwa mwendo mkubwa kidogo kuliko siku zote, akauona mtaro upande wa nje, akaukodolea macho kwa hofu, na pikipiki ikamchukua moja kwa moja hadi mtaroni kana kwamba ameiagiza yeye mwenyewe. Alipojiinua akakaa kwenye nyasi, mkono wa kushoto ulikuwa haunyanyuki, sanduku la vifaa limepasuka, na bisibisi zake zimetapakaa kila mahali. Akazitazama, akaitazama barabara iliyokuwa kimya kabisa, akajiuliza kwa sauti: "Sasa hapa nimeangushwa na nani?"

Kisha akaanza kuokota bisibisi kwa mkono mmoja.

Alikuwa fundi wa cherehani. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, katika kile chumba cha nyuma ambako mashine zilizogoma huletwa zikiwa zimejaa vumbi la pamba hadi utumbo wa ndani. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walitafuta kazi nyingine, yeye akaona kwamba washonaji wa mjini na wa vitongoji vyote vya pembeni bado wana mashine, na mashine bado zinaharibika. Akanunua pikipiki, akafunga sanduku la vifaa nyuma, akaanza kuwafuata huko huko waliko. Sebule ya nyumba yake iligeuka karakana: vichwa vya cherehani vimepangwa chini ya dirisha, mikanda ya ngozi imening'inia kwenye misumari, na harufu ya mafuta laini ya mashine imeingia hadi kwenye mapazia. Wageni walikaa jikoni.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi kuumia. Siku ile aliyomkuta mkewe hospitalini, mkono umefungwa kifuani, alikuwa akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, asimtazame usoni.

"Uza hilo dude," akasema hatimaye.

"Nikiliuza nitakwenda kazini na nini, baba? Nitapanda kiti chako cha kunyolea?"

"Utapanda basi."

"Na kichwa cha cherehani nitakibeba mapajani kama mtoto?"

Kinyozi akageuza uso kuelekea dirishani. "Mimi sitaki kukuzika," akasema taratibu, na utani wote ukamwisha mkewe mdomoni.

Mfupa wa mtulinga, ule uliovunjika karibu na bega, uliunga vizuri, lakini bega lilikuwa limekakamaa, na kwa wiki kadhaa ilimbidi aende kwa mtaalamu wa viungo. Huyu alikuwa mwanamama mnene mwenye vidole vya chuma, ambaye alimkunja na kumkunjua bila huruma huku akimpigisha soga. Siku moja Mama Cherehani akamsimulia ajali yake, pamoja na lile swali lililokuwa likimtafuna: imekuwaje mtu aliyeendesha pikipiki miaka yote ile aangushwe na kona tupu?

"Kuna mtu anafundisha kuendesha pikipiki," mtaalamu akasema, akimvuta mkono. "Wagonjwa wangu kadhaa wamepita kwake."

"Mimi najua kuendesha."

"Ndiyo. Yeye anafundisha wanaojua."

"Wanaojua wanafundishwa nini tena?"

"Nenda ukamuulize," akasema yule mama, akaukunja mkono hadi mgonjwa wake akapiga ukelele.

Akaenda. Kinyozi alinung'unika, lakini aliposikia kwamba mafunzo yenyewe ni ya usalama, akalainika kidogo. Huenda alitumaini kwamba mwalimu naye angemwambia aliuze hilo dude.

Mafunzo yalifanyika kwenye uwanja wa zamani wa maonyesho nje ya mji, mahali pa lami pana yenye nyufa zilizoota majani. Asubuhi ya kwanza wanafunzi walikuwa wachache, wamesimama kando ya pikipiki zao, kila mmoja akimpima mwenzake kwa jicho la pembeni. Kijana mmoja dereva wa bodaboda, mrefu na mchangamfu, alijitambulisha kwa jina la Tulia. Alieleza kwamba hilo si jina la nyumbani, amelipata kwa abiria wake, ambao wakipanda tu huanza kupiga kelele, "Tulia! Tulia!"

Mwalimu alifika mwisho. Walimsikia kabla ya kumwona, pikipiki ndogo kuukuu ikija polepole, na juu yake mzee mwenye tumbo la heshima na ndevu za mvi. Watu walimwita Kobe, naye aliitikia. Miaka mingi nyuma alikuwa kwenye kikosi cha waendesha pikipiki wanaotangulia misafara ya wakubwa, na tangu astaafu alikuwa akifundisha yeyote aliyekubali kufundishwa.

"Huyu ndiye?" Tulia akamnong'oneza Mama Cherehani. "Mbona hata bibi yangu anamshinda mbio huyu?"

Kobe hakuwasalimu kwanza. Aliendelea kuja, akipunguza mwendo, akipunguza tena, mpaka pikipiki ikawa inakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Miguu ilikuwa juu ya vikanyagio, haigusi chini. Akaanza kuwazunguka. Kisha akazunguka katikati yao, akipita kati ya pikipiki moja na nyingine, mahali ambapo wao wenyewe wangepita kwa kujibana, akikunja usukani hadi mwisho, kichwa kikitangulia kugeuka kabla ya gurudumu. Mashine ile chakavu ilikuwa ikinguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Alipofika mbele ya Mama Cherehani alisimama kabisa, miguu bado juu, pikipiki imesimama wima kama imepigiliwa misumari ardhini. Wakati huo ndipo aliposema, "Habari za asubuhi, mama."

Mama Cherehani alisahau kuitikia. Alikuwa akitazama mikono ya yule mzee. Ilikuwa imetulia tuli, ila kidole kimoja kwenye klachi kilikuwa kikicheza kidogo sana, kikiachia na kubana kwa kiasi ambacho jicho lilikiona kwa shida. Alijua kazi ya mikono. Alikuwa ameishi miongoni mwa watu wenye mikono mizuri, washonaji wanaoweza kupindua ukingo wa shela bila kutazama. Lakini jambo kama hili hakuwahi kuliona.

"Nzuri, Mwalimu," akasema hatimaye, na Kobe akashusha mguu.

Somo la kwanza lilikuwa kusimama. Tulia akacheka: nani asiyejua kusimama? Kobe akapanga vikoni vya plastiki, kama vile vinavyowekwa barabarani kuongoza magari, akawaambia waje kwa mwendo wa kawaida wa barabarani na wakifika kwenye kikoni wasimame upesi wawezavyo. Mama Cherehani alikuja, akakanyaga breki ya nyuma kama alivyozoea siku zote, gurudumu likajifunga, mkia ukayumba kushoto na kulia, matairi yakalia, na alipofanikiwa kusimama kikoni kilikuwa mbali nyuma yake. Moyo ulikuwa ukimdunda.

"Breki ya mbele hukuigusa," Kobe akasema.

"Ya mbele ni ya hatari, Mwalimu. Itanirusha kichwa chini miguu juu."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Na jirani yetu."

"Na jirani?"

Mama Cherehani akafikiri. "Jirani alijifunza mwenyewe," akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko, naye pia.

Kobe hakucheka. Aliuchukua mkono wake wa kulia, akaushika kama anayesalimia. "Kwanza shika hivi, kama mkono wa mtoto mchanga. Sasa kama mkono wa mtu mzima. Sasa kama mkono wa ndugu ambaye hujamwona miaka mingi. Usikwapue. Kamua, na kila ukikamua, uongeze. Ukikwapua, tairi litashtuka na kuteleza. Ukikamua, litajikita barabarani."

Mama Cherehani akarudi mwanzo wa uwanja. Akaja. Kwenye kikoni akashika kama mtoto mchanga, kama mtu mzima, kama ndugu, na kitu ambacho hakukitegemea kikatokea: pikipiki iliinamisha pua yake chini, taratibu, kama mnyama mkubwa anayepiga goti, na dunia yote ikasimama. Hapakuwa na kelele wala kuyumba. Alitazama nyuma. Kikoni kilikuwa pale pale, karibu sana hata akadhani kimesogezwa.

"Nani kakisogeza?" akauliza.

"Hakuna," Kobe akasema. "Uwezo huo pikipiki yako ilikuwa nao tangu siku uliyoinunua."

Akakaa juu ya pikipiki yake akiitazama kwa mshangao, mashine hii aliyoiosha, aliyoibadilishia oili, aliyoilaani asubuhi za baridi, na ambayo kumbe miaka yote hiyo ilikuwa na kipaji ambacho hajawahi kukitumia. Akaomba kurudia. Akarudia tena na tena, mpaka Kobe akamwambia awape wenzake nafasi.

Baadaye wakazunguka vikoni kwa umbo la namba nane. Hapo Mama Cherehani alivuna vikoni kama anavuna mahindi. Kila kikoni alichokiogopa alikigonga. Alikitazama kwa makini kabisa ili akikwepe, na kadiri alivyokitazama ndivyo alivyokifuata.

"Unatazama wapi, mama?"

"Nakitazama kikoni, Mwalimu, nisikigonge!"

"Basi umemaliza kazi. Ulichokitazama umekipata." Kobe akasimama upande wa pili wa uwanja, akainua mkono. "Nitazame mimi. Vikoni viache, vitajijua vyenyewe."

Akamtazama yeye. Alihisi kichwa kikigeuka, mabega yakafuata kichwa, nyonga zikafuata mabega, na pikipiki nzima ikafuata, ikainama na kuzunguka kana kwamba imefungwa kwa uzi kwenye macho yake. Akapita katikati ya vikoni vyote bila kuviona. Alipofika upande wa pili alizima injini, akavua kofia ngumu. Tulia alimfuata kumpongeza akakuta machozi yanamlengalenga.

"Vipi, mama? Umepatia!"

"Mtaro," akasema. "Niliutazama mtaro, mwanangu. Nilikwenda nilikokuwa natazama."

Swali lake lilikuwa limepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa rahisi mno hata likamwogopesha.

Siku za uwanjani zilipokwisha, Kobe aliwatoa barabarani, mmoja mmoja. Zamu ya Mama Cherehani ilipofika alipewa kisikilizio kidogo cha kuweka ndani ya kofia, ili amsikie mwalimu aliyekuwa mbele yake. Kobe alimwambia wangepita barabara yoyote atakayoichagua. Akaichagua ile anayoijua zaidi kuliko zote, inayotoka mtaani kwake, inapita sokoni, shuleni na karakana za mbao, hadi njia kuu.

"Wewe nifuate tu na usikilize," Kobe akasema. "Nitakuwa nasema ninachokiona."

Wakaondoka, na sauti ya mzee ikaanza kusikika ndani ya kofia, ya chini, bila haraka, kama mtu anayejisomea.

"Lori limeegeshwa kushoto. Chini ya lori naona miguu, mtu yuko upande wa pili, huenda akatokeza. Nasogea kulia. Ndiye huyo, katokeza. Mbele kuna gari limesimama, magurudumu yamekunjwa kuja kwetu, dereva yumo ndani, kioo chake kinaonyesha uso. Hajaniona. Napunguza. Sasa kaniona. Lami inang'aa pale mbele kama imelambwa, hiyo ni dizeli, nanusa. Napita pembeni yake. Kioo cha duka kile cha kona kinanionyesha basi linalokuja kabla sijalifikia. Nalisubiri."

Basi likatokea kwenye kona, sawasawa kama lilivyoitwa.

Mama Cherehani alihisi nywele zikimsimama chini ya kofia. Hii ilikuwa barabara yake. Hapa alipita akienda kazini, hapa alipita kuwapeleka watoto shule, hapa alipita siku ya msiba wa mama yake. Alijua kila shimo lake. Na sasa mtu mwingine alikuwa akimwonyesha kwamba imejaa maneno aliyokuwa hajawahi kuyasoma. Vumbi lililotimka nyuma ya ukuta lilikuwa na maana. Kivuli kwenye lami kilikuwa na maana. Mwanamke aliyeshika mkono wa mtoto alimaanisha jambo moja, na mwanamke aliyeuachia alimaanisha jingine. Walipotoka nje ya mji, Kobe akasema, "Kona hiyo siioni mwisho wake, lakini nguzo za umeme naziona. Zinakata kulia na kuendelea kukata. Kwa hiyo kona ni kali kuliko inavyoonekana." Nayo ikawa kali kuliko ilivyoonekana.

Walipopumzika kando ya njia kuu, Mama Cherehani hakujua aanzie wapi.

"Mwalimu, wewe unaona hivi kila siku? Kila unapopanda?"

"Kila ninapopanda."

"Huchoki?"

Kobe akafikiri huku akipangusa jasho shingoni. "Nilichoka zamani, nilipokuwa sioni. Mtu asiyeona anashtuka kila dakika. Mimi sasa sishtuki sana." Akainyooshea kidole barabara. "Mambo yanayoonekana ni rahisi, mama. Utayajua baada ya wiki chache. Siku utakayoanza kuona ambavyo havipo, hapo utakuwa mwendeshaji."

"Ambavyo havipo vinaonekanaje?"

"Sijui namna ya kulifundisha hilo," mzee akasema kwa unyofu. "Lingekuwa linafundishika, ningekuwa nimelifundisha."

Mama Cherehani akafaulu jaribio la mwisho. Tulia naye alifaulu, kwa shida, na akaapa kwamba abiria wake sasa watalala usingizi mgongoni kwake. Maisha yakarudi kwenye mkondo wake. Mama Cherehani alirudi kwa washonaji wake, na kila alipoendesha alikuwa akisema polepole ndani ya kofia kila alichokiona, hadi watu wakaanza kuuliza iwapo fundi siku hizi anaongea na mizimu. Kinyozi alikuwa akitaniwa na wateja wake. "Mke wangu anaisimulia barabara," akawa anajibu. "Mimi ananisimulia kuhusu mikanda na gurudumu. Bora barabara."

Ilikuwa msimu wa mvua za milimani. Mjini jua liliwaka, lakini kila alasiri mbingu za upande wa milima zilikuwa nyeusi kama masizi. Asubuhi moja Mama Cherehani aliitwa na mshonaji wa mji mdogo wa mbele, mwanamke ambaye mashine yake ilikuwa inaruka mishono huku gauni la bi harusi likiwa mezani nusu nusu. Akafunga sanduku, akaondoka.

Njia kuu ilikuwa kavu. Alizungumza peke yake kama kawaida: lori la mchanga, tairi lake la nyuma limeliwa, mwendesha baiskeli, hatazami nyuma, ng'ombe, wamefungwa. Akaanza kupanda kilima kirefu ambacho upande wake wa pili una mteremko mzuri, ulionyooka, mahali ambapo tangu zamani alikuwa akiiachia pikipiki ikimbie kadiri inavyotaka. Alikuwa karibu kufika kileleni alipogundua kwamba amenyamaza.

Alinyamaza kwa sababu hapakuwa na cha kusema. Akajaribu kukumbuka gari la mwisho alilopishana nalo. Lori la mchanga lilikuwa likielekea huko huko anakokwenda yeye, nalo lilikata kuingia machimboni. Kabla ya hapo? Hakukumbuka. Njia kuu, asubuhi, siku ya kazi, na upande wa pili wa barabara ulikuwa mweupe kabisa. Hapakuwa na basi wala gari la mboga, hata bodaboda moja. Akatazama bondeni kando ya kilima. Kijito cha huko kilikuwa na maji ya rangi ya udongo yakienda kasi, na hapa mvua haikuwa imenyesha.

Akashika breki ya mbele kama mkono wa mtoto mchanga, akapunguza gia, akakifikia kilele kwa mwendo wa mtu anayenyata kwenye chumba cha mgonjwa.

Chini ya mteremko barabara haikuwepo.

Mahali palipokuwa na kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya lami, palikuwa na shimo ambalo nyumba yake ingeingia na paa likabaki ndani. Lami ilikuwa imekatwa pande zote mbili kama mkate. Mto mwekundu ulikuwa ukipita katikati, ukibeba miti mizima na mizizi yake hewani, na ngurumo yake ilikuwa nzito hata aliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Upande wa pili kulikuwa na foleni ya magari na watu wamejipanga ukingoni, wakimpungia mikono, midomo yao ikifunguka na kufumba. Walikuwa wanapiga kelele kwa nguvu zao zote, na hakuna hata neno moja lililomfikia.

Alisimama. Kutoka pale alipokuwa hadi ukingo palikuwa na nafasi tele. Aliutazama mteremko mtupu mbele yake, lami safi, iliyonyooka, inayomvuta mtu aachie mkono, na akajiona wazi kabisa, yule yeye wa zamani, akishuka kwa furaha na upepo usoni. Kisha akakumbuka kwamba yeye si mtu wa mwisho duniani, na kwamba nyuma yake barabara bado ina watu.

Akageuza pikipiki, akarudi upande wa pili wa kilele, akaiegesha kando huku taa zikiwaka na kuzimika. Akavua kizibao chake cha kung'aa, akashuka kwa miguu kando ya barabara kuelekea yanakotoka magari, na alipoliona basi linapanda, limejaa hadi mlangoni, akaanza kukipepea kwa mikono yote miwili, pamoja na ule wa bega lililoumia.

Basi lilipiga honi. Akaendelea kupepea. Likapiga tena, kisha breki zikalia na likasimama, na dereva akatoa kichwa dirishani akiwa amefura.

"Mama, una wazimu? Unataka kufa?"

"Barabara imekatika, baba."

"Imekatika wapi? Jana nimepita hapa!"

"Shuka uone."

Dereva akashuka akilalamika, abiria kadhaa wakamfuata, wakapanda pamoja naye hadi kileleni. Hapo malalamiko yakaisha. Watu walisimama wakitazama chini. Dereva wa basi alivua kofia yake. Baadaye akakaa chini, pale pale katikati ya lami, kama mtu aliyeondolewa mifupa.

"Kwenye ule mteremko huwa naliachia," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Basi zima. Huwa naliachia."

Mama mmoja mwenye kikapu akamshika Mama Cherehani mkono. "Nani alikwambia, dada?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona kwamba hakuna kitu." Alijua jibu halieleweki, lakini hakuwa na jingine, na yule mama aliitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba limemtosha.

Wakaziba njia kwa matawi na mawe. Wanaume wa kwenye basi wakabaki kuyasimamisha magari, na Mama Cherehani akachukua njia ya kuzunguka, ndefu, ya vumbi, hadi kwa mshonaji wake. Alifika mchana umeshapinduka. Alikuta shida yenyewe ni ndogo, sindano imepinda, basi. Akaitoa, akaweka mpya, akaanza kutunga uzi, na uzi ukakataa kuingia. Mshonaji alimtazama kidogo, akauchukua uzi ule, akautunga yeye, wala hakuuliza.

Alimpigia simu Kobe kutoka pale pale, amekaa kwenye kibao kando ya gauni jeupe. Akamweleza yote.

"Gari la mwisho hulikumbuki?" mzee akauliza.

"Silikumbuki, Mwalimu. Ndicho kilichonishtua."

Akamsikia akipumua. "Mimi nimeendesha miaka mingi sana," Kobe akasema, sauti yake ikiwa ya chini kuliko kawaida, "na barabara iliyotoweka sijawahi kukutana nayo. Sijui kama ningeona. Asante kwa kunipigia, mama."

Mwisho wa wiki, Kinyozi alifunga duka mapema, akasema anataka kupaona mahali barabara ilipokatika. Mkewe akampa kofia ya ziada. Njiani alimsikia mgongoni kwake akijaribu kusema anachokiona, kwa sauti ya kujiiba: punda, mama na ndoo, gari jeupe. Alikuwa akiona vitu vilevile ambavyo kila mtu huviona, lakini mkewe hakumkatisha.

Walisimama kwenye kizuizi, wakaenda kwa miguu. Maji yalikuwa yamepungua, na sasa kina chote cha shimo kilionekana, tabaka juu ya tabaka: lami nyembamba kama ganda, kokoto, udongo mwekundu, udongo mweusi, halafu mwamba. Mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka chini ya kipande cha lami kilichobaki kimening'inia. Watu wengine walikuwa pale pia, wamekuja na watoto wao, wanazungumza kwa kunong'ona kama wako mahali pa ibada.

Kinyozi alichuchumaa ukingoni, akatazama chini. Kisha aliutazama mteremko nyuma yao, urefu wake wote, mpaka kileleni.

"Kumbe ni nyembamba hivi," akasema. "Hii tunayoipita kila siku. Nyembamba hivi."

"Ndiyo," mkewe akasema.

Wakabaki wamesimama hapo, wakiwatazama wale ndege, mpaka jua likaanza kuwachoma migongo.